Chungu Nilichokifudikiza Msibani

Hapana, hakufeli! Na wala hakupata mimba, maana najua ndilo swali linalowawasha ulimini. Mtoto alikuwa naye tayari, na darasani alikuwa anawaburuza wenzake. Mjukuu wangu aliacha chuo mwenyewe. Aliacha kwa sababu ya huu mdomo wangu...

Mimi ni bibi kizee wa miaka sabini na ushee, mzaliwa wa Ushetu kwenye mashamba ya tumbaku. Shule sikuisogelea. Ninasema, jirani yangu anaandika, na nimemwonya asinipambe. Akinipamba nitamwigiza mbele ya mume wake!

Watu wananiita Bibi Kasuku. Sauti ya mtu ikiingia sikioni mwangu mara moja, haitoki. Mchungaji, muuza dagaa, kondakta, bibi harusi anayejifanya kulia, wote ninao humu kifuani. Siku moja mwenyekiti wetu wa mtaa alipita nyuma ya ua wangu, akasikia sauti yake mwenyewe jikoni inatangaza mkutano wa dharura, asiyekuja atapigwa faini. Alisimama. Nadhani alijiuliza kama yuko nje au yuko ndani!

Tulicheka sana siku zile. Ningejua...

Kabula ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyefariki. Mama yake alipozikwa, wajomba na baba wadogo walikaa kikao cha kumgawa mtoto. Huyu anasema apelekwe kwangu akachunge, yule anasema kwangu kuna mtoto mchanga anahitaji wa kumbeba. Mimi nilikaa pembeni. Nani amsikilize mwanamke mjane asiye na ng'ombe?

Basi akaja mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii. Wanaume wakamvutia kiti, akakataa. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu na Kabula, akamwuliza yule mtoto mwenyewe, "Wewe unataka kukaa na nani?"

Kabula alikuwa anakula kiazi. Akaninyooshea kidole chenye kiazi. Kikao kikaisha!

Tangu siku ile Kabula alitaka kuwa yule mama wa mkekani. Hakutaka udaktari wala ukurugenzi. Lakini alipofika chuo kikuu mara ya kwanza alipangiwa historia, akasoma historia, akamaliza, akarudi nyumbani Shinyanga na joho lake la kupigia picha. Kazi hakuna. Akawa anakaa dukani kwa mtu, anapima sukari. Hapohapo akazalishwa, na baba wa mtoto akakimbilia machimbo mengine, mpaka leo hatujui yuko shimo gani.

Ndipo akaniambia anarudi kusoma. Hiyo kozi ina jina refu kama treni ya mizigo: stashahada ya uzamili ya ustawi wa jamii! Yaani ni ya watu wenye digrii tayari. Mjomba wake aliposikia alijipiga kofi pajani. "Digrii yenyewe haijakulisha, sasa unakwenda kuiongezea mchuzi?" Kabula alinitazama mimi tu. Nikamwambia nenda, ng'wanawane, mwanangu, mtoto nitambeba mimi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana balaa lilianzia kwenye mchezo.

Kule chuoni wanafundishwa kusikiliza. Msicheke! Mimi pia nilicheka. Nilimwuliza, kusikiliza nako ni somo? Masikio si mnazaliwa nayo? Akasema, bibi, wapo watu wanasikia miaka yote na hawajasikiliza hata siku moja. Wanaambiwa wafanye mazoezi wawili wawili, mmoja awe mteja mwenye shida, mwingine awe afisa. Wenzake walikuwa wanakaa karibu na chuo. Yeye akirudi jioni hana wa kufanya naye. Akanitazama pale jikoni...

Nikawa mteja! Jamani, nilikuwa mteja wa kila aina. Leo mlevi aliyefukuzwa na mkewe, kesho mzee kiziwi anayedai wanawe hawamtembelei. Kabula anakaa chini, ananiinamia, ananiuliza kwa ile sauti yao laini, "Unajisikiaje unaposema hivyo?" Nami najibu kilevi, "Najisikia njaa, afisa!" Anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anakasirika, "Bibi, mteja hafanyi hivyo!" Namwambia wewe huwajui walevi.

Nilikuwa namsaidia. Alipata alama nzuri kweli, na akaniambia mwalimu amemsifu. Nani hangevimba kichwa?

Ulipofika wakati wa fildi, yaani mazoezi ya kazini, alipangiwa kwenye senta moja ya machimbo huko Geita, upande wa kwenda Buseresere. Tukapanga chumba. Yeye ofisini, mimi na mtoto nyumbani. Vumbi, karasha zinasaga mawe mchana kutwa, na watu wa kila kabila. Nilipapenda! Sauti mpya kila kona.

Msimamizi wake tulimwita Madam. Mwanamke wa heshima, anaongea kama anayetembea juu ya mayai. "Kabula... siri ya mteja... ni roho ya mteja. Ukiitoa... umemtoa roho." Siku ya kwanza nilimwigiza vizuri mpaka Kabula akaniomba niache. Akasema hili si la mzaha, bibi. Akirudi nyumbani namwuliza, leo mmesikia nini? Ananyamaza. Namchokoza, nampigia na sauti ya Madam, ananyamaza tu.

Kwangu mimi, kumwona mtu amejaa maneno na hasemi, ni kama kuona chungu kinachemka na kifuniko kimekazwa. Nilimsumbua! Kila jioni nilimsumbua.

Kisha kukatokea mteja mmoja aliyemshinda.

Kabula alirudi siku hiyo hakula. Akasema kuna mama alikuja, mume anampiga, akaanza kueleza vizuri, halafu akasema neno moja zito na yeye Kabula akakosa la kumjibu. Akasema pole, akatazama chini. Yule mama akajifunga kanga akaondoka. Atarudi keshokutwa. Asiporudi amempoteza. Akirudi na Kabula akakosa tena la kusema, hatafungua mdomo milele.

Akazunguka chumbani. Mwishowe akaketi mbele yangu. "Bibi, nisaidie. Kuwa yeye."

Hakutaja jina. Hakutaja nyumba, wala kabila, wala mume anafanya nini zaidi ya kwamba ni mchimbaji. Hapo kila mwanaume ni mchimbaji! Alinipa sauti tu. Na yeye naye ni damu yangu, mjukuu wa kasuku, alinipa sauti ile kama ilivyo. Mama mwenye kuvuta pumzi ndani katikati ya maneno, kama aliyemwagiwa maji baridi.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Kila asubuhi akitoka kwenda duarani... hss... naingia jikoni, nachukua chungu, nakifudikiza chini. Nasema, leo duara likufunike... hss... kama chungu hiki."

Duara ndilo lile shimo la wachimbaji.

Tulirudia na kurudia. Kabula anajaribu jibu hili, mimi nainamisha kichwa, hapana. Anajaribu lile, hapana. Anamwambia usiseme hivyo, namkunjia uso. Mwisho akachoka. Halafu akaniuliza polepole, "Na baada ya hapo unafanya nini?"

Hata sijui ilitoka wapi. Machozi yalinitoka mimi mzee, nikajibu kwa sauti ya yule mama, "Nakiinua haraka... hss... kabla hajafika barabarani."

Tukatazamana.

Keshokutwa yake Kabula alirudi anakimbia barabarani kama msichana wa shule. Akanikumbatia! Alimwuliza yule mama swali lile lile, na yule mama akalia, akasema ndiyo, huwa anakiinua. Anakiinua na kukipangusa na kukiomba radhi, maana ni baba wa watoto wake. Na baada ya hapo akaeleza yote. Madam alikuwepo, akamwambia Kabula, sasa umekuwa mtu wa kazi hii. Walikuwa wanapanga namna ya kumwita yule mume ofisini.

Ile ndiyo siku niliyoona fahari kuliko zote maishani mwangu. Nilifikiri nimempa mjukuu wangu kazi kwa mdomo huu huu! Kumbe...

Mvua zikaja. Machimboni mvua si neema. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yanalowa, udongo unalegea. Wiki hiyo Kabula aliitwa chuoni Shinyanga kwenda kuwaeleza walimu maendeleo yake. Nikabaki na mtoto. Siku ya pili yake duara moja likatitia. Wengine walitoka. Mmoja hakutoka mzima. Jina lake Masele, Msukuma, baba wa Shija.

Mimi sikumjua zaidi ya kumwona akipita. Lakini msiba ni wa wote, na zaidi ya hapo alikuwa mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, wao Wasukuma, tunataniana tangu mababu. Mnajua kazi ya mtani msibani. Wenye msiba wamekauka kwa kulia, mtani anaingia, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anadai kaburi ni fupi! Watu wanacheka huku machozi yanatiririka, na moyo unapumua kidogo. Si dharau. Ni dawa. Asiyetaniwa amezikwa kama mbwa.

Nilikwenda na mtoto mgongoni. Kaka wa marehemu, Baba Kulwa, aliniona akasema, "Ee, bibi wa Unyamwezi umefika. Tuchangamshie msiba huu!"

Basi nikampa mtu mtoto anishikie. Nikaomba mabuti ya Masele na ile tochi yake ya kichwani. Nikavaa. Nikatembea kwa kuvuta mguu mmoja kama alivyokuwa anavuta, nikadai nimetoka duarani na njaa, mbona hamjaniwekea ugali, mmeniletea sanduku la nini hili? Watu walianguka! Baba Kulwa aliishika miti ya turubai. Hata mjane, aliyekuwa amejifunika kanga mkekani, niliona kanga ile inatikisika kwa kicheko.

Ningeishia hapo! Mungu wangu, kwa nini sikuishia hapo?

Kicheko ni pombe. Ukipewa kidogo unataka na zaidi. Nikafikiri, mume peke yake hanogi, huyu anahitaji mke wa kugombana naye. Mke wa mchimbaji. Na kifuani mwangu nilikuwa na mke mmoja wa mchimbaji, amekamilika, bado wa moto...

Niliinyakua kanga ya mtu nikajitanda. Nikaenda kwenye mafiga ya wapishi, nikachukua chungu kitupu, nikakifudikiza chini mbele ya umati. Nikavuta pumzi. "Leo duara likufunike... hss... kama chungu hiki!"

Mwanzo walicheka. Wallahi walicheka.

Halafu kicheko kikakatika upande mmoja, na upande wa pili, kama mtu anayezima taa moja moja. Wifi wa mjane, dada wa marehemu, alisimama. "Hiyo ni sauti ya Mama Shija! Hiyo ni sauti yake! Na mimi chungu nilishakikuta kimefudikizwa, nikauliza, akasema kinakauka!"

Nikageuka. Mjane alikuwa ameshusha kanga usoni. Alikuwa ananitazama, na akavuta pumzi... "hss."

Ndipo nikamjua.

Nilikuwa bado nimesimama na mabuti ya mume wake miguuni. Nilitaka kusema ngojeni, haijaisha, bado sehemu ya kukiinua! Lakini nani alikuwa ananisikiliza? Kasuku wa watu, siku aliyotaka kusema kwa sauti yake mwenyewe, haikutoka.

Hawakumuua. Nawaambia mapema maana najua mnashika vifua. Wazee walikuwepo, wakazuia fimbo. Lakini walimwambia amemloga mume wake, na hatalala tena katika boma la ndugu yao. Baba Kulwa akachukua watoto. Mama Shija alitolewa na mbuzi wake mmoja na furushi la nguo, kabla hata ya udongo wa kaburi kukauka. Mtoto mdogo alikuwa bado ananyonya. Mnaelewa maana yake? Maziwa yanamjaa mtu kifuani na mtoto hayupo...

Kabula alirudi. Nilimweleza kwa sauti yangu hii ya kizee, bila kuigiza mtu. Nilitamani anipige. Nilitamani anitukane. Badala yake alikaa chini mbele yangu, akaniinamia, akaniuliza kwa ile sauti niliyomsaidia kuipata, "Na baada ya hapo ulifanya nini, bibi?"

Nikamwambia, nilikaa chini.

Alikwenda kwa wazee siku hiyo hiyo, hakumngoja Madam. Akawaambia si mchawi, ni mtu aliyepigwa na kuumizwa, chungu alikuwa anakiinua kila mara! Baba Kulwa akamwuliza, "Nani kakwambia?" Kabula akasema, yeye mwenyewe. Basi yule mzee akawageukia wenzake, akatabasamu. "Mmesikia? Msomi ametuthibitishia. Alikuwa anakifudikiza kweli!"

Mnaona ule mtego? Asiposema, mama wa watu anaitwa mchawi. Akisema, anatoa siri mara ya pili, na siri yenyewe inakuwa shahidi wa kumfunga.

Madam hakupiga kelele. Ningemwigiza lakini siwezi tena. Alisema ofisi itafuatilia watoto, na kweli wanafuatilia, mambo yanakwenda taratibu, mtoto wa kunyonya ndiye aliyerudishwa kwa mama yake kwanza, wengine bado. Na kuhusu Kabula alisema ameteleza vibaya, atapewa adhabu, atarudia fildi mahali pengine. Lakini asiache. Alirudia hilo, asiache, maana aliyeungua ndiye atakayejua moto.

Kabula alikuwa njia panda. Alifunga begi, akalifungua. Mimi nilimpigia magoti, mzee mimi, nikamwambia rudi darasani, niache mimi nibebe dhambi. Akasema kwanza tukamwombe radhi mwenyewe. Akitusikia, atarudi chuo. Hivyo ndivyo alivyosema.

Siku hizi yuko sokoni Shinyanga anauza vitenge. Mteja akisema nipunguzie, anapunguza. Akianza kueleza kwa nini hana hela, Kabula anageukia upande wa pili, anapanga nguo zilizokwisha pangwa. Hataki kusikia shida ya mtu. Yule mtoto wa kidole chenye kiazi! Na mimi sijamwigiza mtu tangu siku ile. Msiba wa jirani ulipotokea waliniita, nikakaa nyuma na kulia kama watu wengine.

Wasomaji wangu, wale wenye mtoto anayesomea kazi hii, nawasihi kwa jina la Mungu, akirudi nyumbani kimya, mwacheni na kimya chake. Msimchokoze. Mpeni uji alale. Na nyinyi mnaosoma, mzigo ukiwashinda, upelekeni kwa yule aliyewekwa kuupokea, hata kama anaongea kama anayetembea juu ya mayai. Msiulete jikoni kwa bibi yenu, hata akiwa anawapenda kuliko pumzi yake. Hata jina mkilificha. Sauti nayo ina mwenyewe...

Siku ile tuliyokwenda kuomba radhi, tulimkuta Mama Shija pembeni mwa machimbo, kule wanawake wanakoponda mawe. Mtoto mdogo amelala kwenye kivuli cha gunia, mbuzi amefungwa kwenye kisiki. Kabula alivua viatu. Akaketi chini, kwenye mavumbi ya mawe, kama yule mama wa zamani wa mkekani. Nami nikaketi nyuma yake. Kabula akasema kila kitu, hakujificha nyuma yangu hata neno moja. Akaomba radhi. Akasema yuko tayari kumsikiliza, hata akitaka kumtukana.

Mama Shija hakusimamisha nyundo. Aliponda jiwe likawa kokoto, akaponda kokoto zikawa unga. Kisha akavuta pumzi ile yake, akaelekeza nyundo kwenye kisiki.

"Bora ningemwambia huyu mbuzi. Yeye angenyamaza."